Nani Kazima Moto wa Mawenzi?

Miaka yote niliyofundisha darasa la kwanza na la pili mjini Tanga, mlima Kilimanjaro niliuona kwenye kalenda za ukutani na kwenye vitabu vya jiografia. Nimestaafu sasa, na safari iliyonifikisha huko kwa mara ya kwanza haikuwa ya kuutazama mlima. Aliyeniita ni mwalimu kijana ambaye zamani, akiwa Chuo cha Ualimu Korogwe, alifanyia mazoezi ya kufundisha darasani kwangu. Baadaye aliolewa Uchagani, akahamia Old Moshi, akapewa darasa la pili. Mwezi wa saba, shule zilipofunguliwa, alinipigia simu.

"Mama, watoto wangu nawafundisha ufahamu kwa michezo. Wenzangu wengine wanasema napoteza vipindi. Njoo uone mwenyewe, kisha uniambie ukweli."

Jibu la swali kama hilo halitolewi kwa simu. Nikakata tiketi.

Basi lilitoka Tanga alfajiri, likapita Muheza na Segera katikati ya mashamba ya mkonge. Kuanzia Korogwe milima ilikaa upande wetu wa kulia, kwanza ya Usambara, kisha ya Upare, na kushoto nyika ikazidi kukauka kadiri tulivyokaribia Same. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mwenye mtoto wa kiume aliyeanza kusoma juzijuzi tu. Mtoto alisoma kila kilichoandikwa barabarani, majina ya maduka, ya vijiji, ya makanisa na misikiti. Tulipofika kwenye kibao cha PUNGUZA MWENDO, akakisoma kwa sauti, akatazama mbele, akamgeukia mama yake: "Mama, mbona dereva hajapunguza?" Abiria walicheka. Mimi sikucheka. Nilikaa nalifikiria swali lile hadi Mwanga, kwa sababu katika miaka yangu ya kazi nilikutana na watoto wengi wanaoweza kukitamka kibao kama kile, na wachache sana ambao wangegeuka kumtazama dereva.

Himo ndipo nchi ilipobadilika. Migomba ilianza, hewa ikapoa, na watu wakaanza kupanda basini na masweta. Moshi tulifika alasiri. Niliutafuta mlima upande wa kaskazini nikakuta mawingu matupu. "Umejifunika, mama," kondakta aliniambia, kama anayemwombea radhi mwenyeji aliyetoka. Nilipanda daladala ya Kiboriloni, nikapita soko lake lenye mikungu ya ndizi iliyopangwa chini, na kuanzia hapo barabara ikawa ya kupanda tu.

Mwenyeji wangu alinipokea njiani. "Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa, ila baridi yenu hii!"

Nyumba yao imo ndani ya kihamba, kama nyumba nyingi za huko: migomba juu, mibuni chini ya migomba, ng'ombe bandani, na mfongo unaopitisha maji ya mlimani pembeni ya shamba. Makaburi ya wazee yamo humo humo, karibu na mlango. Mama mkwe wake alitupakulia mtori, na watoto wa nyumba tatu za jirani walipogundua kuna mgeni wakajaa jikoni. Bibi alinigeuzia mimi kazi: mgeni atege.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Wawili watatu walijua, wakataka kusema. Bibi akawanyamazisha kwa mkono, akamwelekea binti mdogo aliyekuwa anafikiri. Binti akasema: "Kaburi." Nilitegemea bibi aseme hapana. Badala yake aliuliza, "Kwa nini kaburi?" Mtoto akajibu kwamba mtu akishaingia haoni pa kutokea. Kaka yake akabisha: pa kuingilia palikuwepo, palifukiwa tu, kwa hiyo mlango ulikuwepo. Mabishano yakawa makali. Walipochoka waliniambia nichukue mji, wakanipa Arusha, nikakataa. Wakanipa Dar es Salaam, nikaenda, nikala, nikarudi na kuwaambia ni yai. Binti yule hakuridhika. Alitaka kujua kifaranga hutokaje.

Nimeeleza jioni ile kwa urefu kwa sababu kesho yake darasani niliiona tena ikiwa imevaa sare ya shule. Mtegaji husema jambo moja akificha jingine, na msikilizaji hukusanya dalili, hukisia, hutetea alichokisia. Hicho ndicho tunachokiita ufahamu, na watoto wetu walikuwa wakikifanyia mazoezi karibu na moto kabla shule haijajengwa hata moja kwenye miteremko ile. Ajabu ni kwamba tulipopata madarasa tulikiacha nje ya mlango.

Shule iko juu kidogo ya nyumba. Kengele ni rimu ya gari inayoning'inia kwenye mti. Kipindi cha kwanza kilianza kama nilivyozoea: silabi ubaoni, watoto wanaimba kwa pamoja, kisha aya fupi, wote wakaisoma kwa sauti moja mpaka mabati yakaitikia. Yeyote aliyepita dirishani angesema hili ni darasa linalosoma. Mwalimu akanitazama, akanong'ona, "Sasa tazama."

Alitoa kadi alizokata kwenye maboksi ya sabuni na kuziandika kwa maka peni. Mchezo wenyewe wanauita Soma, Tenda. Mtoto anachukua kadi, anaisoma kimya, anairudisha kifudifudi mezani, halafu anatenda kilichoandikwa. Wenzake, ambao hawajaiona, wanataja wanachodhani kadi imesema. Mwisho kadi inasomwa kwa sauti na darasa linalinganisha. Kundi linaloafikiana na kadi linapata kizibo cha soda.

Msichana mmoja, ambaye katika ile sauti ya pamoja ndiye aliyekuwa akiongoza, alichukua kadi yake, akaisoma kwa kuitazama mara moja, akaenda moja kwa moja kufungua mlango, kisha akarudi kuweka chaki chini ya kiti. Baada yake akaitwa mvulana mwenye kusoma kwa taabu, anayefuatisha kidole, midomo ikitikisika. Mwalimu alimpa kadi ile ile. Alikaa nayo muda mrefu hadi wenzake wakaanza kunung'unika. Aliweka chaki chini ya kiti kwanza, ndipo akaenda mlangoni. Kadi ilisema: "Kabla hujafungua mlango, weka chaki chini ya kiti."

Darasa lililipuka. Mwalimu hakusema nani kapata na nani kakosa. Alimwambia msichana, "Isome tena, safari hii polepole, na sisi tukutazame." Akaisoma, akasimama katikati ya sentensi, akashika mdomo.

Kama asingeambiwa atende, mimi kama mwalimu wake ningempa alama zote, na yule mvulana ningemwandikia "ajitahidi kusoma". Kiswahili kinatuponza hapa, na nalisema hili kwa mapenzi. Herufi zetu ni aminifu. Mtoto akishajua sauti zake na namna ya kuunganisha silabi, anaweza kutamka neno lolote, hata asilolijua, hata lisilokuwepo. Mwingereza mdogo hukwama kwenye maneno, na kukwama kwake mwalimu hukusikia. Wa kwetu huteleza mpaka nukta, na sisi tunapiga makofi.

Mchezo wa pili ndio ulionifungua macho zaidi. Wanasesere wawili wa maganda makavu ya mgomba, mmoja anaitwa Asha, mwingine Neema, na wa tatu mdogo ni mtoto mchanga. Kitambaa cha buluu sakafuni ni mfongo. Kadi: "Asha alimwomba Neema amshikie mtoto ili akachote maji." Makundi yalipewa nafasi ya kuwapanga wanasesere jinsi sentensi inavyosema. Nilizunguka nikitazama. Kundi moja lilimpeleka Neema mfongoni akiwa na mtoto mgongoni. Jingine liliwapeleka wote. Jingine lilimwacha mtoto na Asha, Neema akaenda peke yake. Machache ndiyo yaliyompa Neema mtoto na kumtuma Asha majini.

Hakuna neno gumu katika sentensi ile. Lakini hebu itazame: Asha ni a-, Neema naye ni a-, na mtoto pia angekuwa a- kama angefanya jambo lolote. Viambishi vyetu havitofautishi mwanamume na mwanamke, wala mwombaji na mwombwaji. Ni akili ya msomaji inayopaswa kushika nani kamfanyia nani nini, na kuuliza: kama Neema ndiye anayekwenda kuchota maji, kwa nini aombwe kushika mtoto? Mtu mzima hulifanya hili bila kujua analifanya. Mtoto wa miaka saba anahitaji mikono yake imsaidie. Mwalimu alizunguka na swali moja tu kila kundi: "Mtoto yuko kwa nani sasa hivi?" Kundi lililowapeleka wote lilitazamana, likamrudisha Neema nyumbani bila kuambiwa.

Wakati wa uji tuliketi nje, juani. Nilimweleza jambo nililowahi kulisoma kuhusu mtafiti wa Marekani, Arthur Glenberg, na wenzake, ambao mwaka 2004 walichapisha utafiti uliofanana kabisa na kitambaa chake cha buluu. Watoto wa madarasa ya chini walisoma hadithi fupi za shambani huku mbele yao kuna vinyago vya shamba. Waliosogeza vinyago kufuatana na kila sentensi walielewa na kukumbuka zaidi ya waliorudia kusoma tu. Baadaye walipoambiwa wawaze tu kwamba wanavisogeza, bila kuvigusa, bado walinufaika. Mwenyeji wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo nami lilikuwa linanisumbua: ni lini basi amwondolee mtoto mwanasesere? Tulikubaliana kwamba ni pale mtoto anapoanza kuzungumza na kadi kabla hajanyoosha mkono.

Hatukuwa tunazungumza hewani. Mwaka 2010 mpango wa Uwezo ulipoanza kuwapima watoto majumbani nchini kwetu, ilionekana kuwa wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ulielekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, jambo ambalo mimi nililishangilia. Mwaka uliofuata michango ya lazima ikaondolewa, watoto wakafurika, na kwa furaha ile ile tukajikuta na madarasa ambamo njia rahisi ya kumfikia kila mtoto ni kuwaimbisha wote pamoja. Ndipo sauti moja ya darasa ikawaficha wasioelewa.

Na mkoani kwangu Tanga tumeona mchezo wa aina nyingine. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Walijifunza kwa kugusa kioo, kusikiliza, kukosea na kurudia, bila mwalimu, na baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 programu mbili, ya onebillion kutoka Uingereza na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Naliheshimu sana jambo lile. Mchezo uliwafikia watoto ambao sisi walimu hatukuwafikia. Ila nilipomwona bibi yule jikoni akiuliza "Kwa nini kaburi?", nilielewa ninachotaka mtoto akipate baada ya kioo: mtu mwenye subira anayetaka kujua jibu lake limetoka wapi, hata kama si sahihi, na hasa likiwa si sahihi.

Si kila mchezo wa mwenyeji wangu ulinipendeza. Upo wa kutafuta hazina: vikaratasi vimefichwa uwanjani, kila kimoja kinaelekeza kilipo kinachofuata, nyuma ya tangi la maji, chini ya ua la masale, kwenye dirisha la ofisi. Watoto waliupenda kupita yote. Nilisimama kivulini nikaona kinachotokea: wawili wanasoma, waliobaki wanawafuata mbio. Aliyefika mwisho akashangilia sawa na aliyesoma. Nilimwambia waziwazi kwamba hapo kuna riadha, ufahamu ni wa wawili tu. Hakukasirika. Siku iliyofuata kila mtoto alikuwa na njia yake, vikaratasi vikiwa na alama za rangi, na mbio zikapungua zenyewe, maana ukimfuata mwenzako unafika kwenye hazina isiyo yako.

Siku hiyo hiyo baba mmoja alifika shuleni. Alikuwa ametoka shambani, buti zina matope, na alisema kwa adabu lakini bila kuzunguka. "Mwalimu, mimi mtoto nimemleta asome. Nyumbani ananiambia leo tumecheza, jana tumecheza. Kucheza si hata huku kihambani anaweza?"

Mwalimu hakumpa maelezo. Alimkaribisha darasani, akamtafutia kiti, akamwomba achague kadi katika mafungu yake na ampe mwanawe mwenyewe. Baba akazipekua kadi, akazisoma kwa makini, moja baada ya nyingine, akachagua ndefu kuliko zote. Ilihusu mtu aliyefunga mbuzi, akaenda sokoni, akamwachia jirani maagizo ya kumfungua mvua ikinyesha. Mtoto akaisoma kimya, akamfunga mbuzi wa udongo kwenye mguu wa meza, akatembea hadi mlangoni, akarudi, akakaa. "Mbona hujamfungua?" baba akauliza. "Mvua haijanyesha," mtoto akajibu.

Baba yule alikaa hadi kengele. Wakati wa kutoka aliuliza kama maboksi yanahitajika, kwa kuwa ana ndugu mwenye duka Kiboriloni.

Lililonikaa zaidi moyoni, hata hivyo, ni somo la siku ya mwisho, ambalo mwenyeji wangu alilitayarisha kwa wiki nzima. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameondoka. Nilitoka nje nikaviona vilele vyote viwili: Kibo, mpana, mweupe kileleni, mita 5,895, na kulia kwake Mawenzi, mweusi, umechongoka na kupasukapasuka, mita 5,149. Watoto hawakuutazama sana mlima, ni wao. Mimi nilichelewa mstarini.

Wachaga wana masimulizi kuhusu vilele hivyo, na yamesimuliwa kwa namna mbalimbali. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Kilutheri aliyeishi miaka mingi Kidia, hapo hapo Old Moshi, alikusanya hadithi nyingi za Wachaga na mwaka 1914 akazichapisha kwa Kijerumani. Wazee wa miteremko hii walisimulia, na watu wa Leipzig wakasoma. Nilifurahi kwamba sasa vitukuu wa wasimulizi wale wanazisoma kwenye maboksi ya sabuni, kwa lugha wanayoiota.

Mwalimu aliandika hivi, sentensi moja kila kadi. Moto wa Mawenzi ulizimika. Akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu kwenye kinu. Kibo akampa moto na ndizi. Njiani Mawenzi akazila. Zilikuwa tamu. Alipofika nyumbani, moto ukazimika. Akarudi kwa Kibo. Kibo akampa tena moto na ndizi. Alipofika nyumbani, moto ukazimika. Akarudi mara ya tatu. Kibo akashika mchi akampiga Mawenzi kichwani.

Waliigiza kwanza. Hapakuwa na aliyekosea: kinu, mchi, kaa, safari za kwenda na kurudi, na kipigo kilichotendwa kwa shauku kubwa kuliko kilivyoandikwa. Kisha mwalimu akauliza swali moja, akanyamaza.

"Nani kazima moto?"

"Upepo!" "Mvua!" "Kuni mbichi!" Kila jibu alilipokea kwa namna moja: "Nioneshe kadi." Wakainama, wakatafuta. Hakuna kadi yenye upepo. Hakuna yenye mvua. Mvulana wa kidole, yule wa chaki, hakuwa amesema kitu. Aliokota kadi fupi kuliko zote, akaiweka katikati ya duara: Zilikuwa tamu. Akasema, "Kauzima mwenyewe."

Nimefundisha miaka mingi, na mara chache nimesikia darasa likinyamaza vile kwa hiari yake.

Aliyevunja ukimya ni msichana wa mlango. Alishika kadi nyingine, akasimama. "Hapa imeandikwa ukazimika. Haijaandikwa akauzima. Mnamsingizia." Juzi alipita juu ya neno 'kabla' kama halipo, leo anashikilia kiambishi kama wakili. Mwalimu akaona fursa, akaligawa darasa kuwa baraza: upande huu wanaomshtaki Mawenzi, upande ule wanaomtetea, na sheria ni moja, asemaye lazima aweke kadi chini. Washtaki wakaweka "Njiani Mawenzi akazila", kisha "Akarudi kwa Kibo", wakasema mtu ambaye moto wake unazimwa na upepo angeziba upenu kwanza. Watetezi wakajibu kwamba Kibo mwenyewe alimpa ndizi bila kuombwa, na kadi ikawekwa: Akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Aliomba moto, hakuomba ndizi. Mtoto mmoja mdogo wa mstari wa mbele, ambaye siku zote sikumsikia, akasema Kibo naye ana kosa, kwa sababu alipiga bila kuuliza. Akatafuta kadi ya kuthibitisha, akaeleza kuwa kadi yake ni ile ambayo haipo.

Mwalimu alinitazama. Sikuwa na la kuongeza. Mtoto wa darasa la pili alikuwa ametumia ukimya wa maandishi kama ushahidi. Hukumu haikutolewa, kengele ililia wakiwa bado wanabishana, wakatoka nayo uwanjani.

Jioni alinidai ule ukweli. Nilimwambia aendelee, na asiombe radhi kwa yeyote. Nikamwambia pia makundi yake ni makubwa mno, watoto wawili wa mwisho katika kila kundi husubiri hadi hamu inawaisha, afadhali watano watano hata kama zana zitahitajika nyingi. Aiandike michezo kwenye andalio la somo kwa jina la umahiri inaoujenga, ili mwalimu mkuu na mthibiti ubora waione kama somo. Na michoro, nzuri sana anavyoichora, aitoe kwenye kadi nyingi, kwa kuwa niliona watoto wakitenda picha bila kusoma sentensi. Hili la mwisho lilimuuma. Tulizipitia kadi zote mezani, moja moja, kwa kipimo kimoja: funika maandishi, je, mchezo bado unachezeka? Kama unachezeka, kadi inaenda pembeni. Lundo la pembeni lilikua refu, na bibi akaliomba la kuwashia moto.

Kisha akaniambia nami nimwachie hadithi ya kwetu pwani. Nikaandika: "Mvuvi alimwachia nahodha samaki wake akaenda kuswali." Akaisoma, akauliza ni nani aliyekwenda kuswali, nikamwambia hilo tuwaachie watoto na wanasesere wao. Kadi ya pili ilisema mvuvi aliporudi alikuta samaki wamepungua. Ya tatu ilimweka paka chini ya ngalawa. Ya nne, aliyoitunga yeye, ilisema nahodha alikuwa ananawa mikono. Nilitaka tuandike ya tano, ya kumtaja mlaji. Akanipokonya maka peni.